Tawi nene halikatwi kwa mkupuo mmoja
Wenye mikaratusi na migrevilea inayoinamia bati hapa Mbeya, msisubiri mvua za Novemba. Ita fundi kiangazi hiki, na usimwache peke yake. Wengi hukata kutoka juu moja kwa moja. Tawi likianguka linachuna gome la shina hadi chini. Aanze upande wa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, msumeno uingie robo ya unene. Kisha akate juu, mbele kidogo ya hapo kuelekea nchani, lidondoke lenyewe. Kipande kinachobaki akiondoe nje ya ule uvimbe tawi linapotokea. Uvimbe asiuguse, ndio unaofunga kidonda. Oili chafu ya kupaka haina kazi. Tawi likikaribia waya wa umeme, asipande mtu, wapigieni TANESCO kwanza.