Jinsi ya Kupima Dai la Dunia Inayovimba: Mwongozo kwa Walimu na Klabu za Sayansi

Nafundisha jiografia hapa Mbarara, Uganda. Kila tukifika mada ya mabamba ya ganda la dunia, hakosi mwanafunzi wa kusema ameona video kwenye simu: eti zamani Dunia ilikuwa ndogo, ikavimba, mabara yakaachana na bahari kuu zikazaliwa katikati. Walimu wengi humwambia akae chini. Tafadhali usifanye hivyo. Swali lake ni zuri na linapimika, na vifaa vya kulipimia unavyo.

Pia mweleze kwamba wazo hili halikuanza na video. Roberto Mantovani wa Italia aliliandika mwaka 1889. Ott Hilgenberg wa Ujerumani alilitolea kitabu mwaka 1933, akatengeneza na matufe ya kulionyesha. Samuel Warren Carey, mwanajiolojia wa Australia, alilitetea tangu miaka ya 1950 hadi mwisho wa maisha yake, na huyu alikuwa miongoni mwa waliokubali kwamba mabara husogea wakati wakubwa wengi wa fani walikuwa bado wanakataa. Neal Adams, mchoraji wa katuni wa Marekani, ndiye aliyelitengenezea picha zinazotembea.

Hatua ya 1: Geuza dai kuwa namba

Nusukipenyo cha Dunia ni kilomita 6,371. Ganda la mabara, pamoja na sehemu iliyofunikwa na maji ya kina kifupi pwani, ni takriban asilimia 41 ya uso wote. Kama zamani mabara yalifunika tufe zima, basi uso wa tufe hilo ulikuwa asilimia 41 ya uso wa leo. Tafuta kipeuo cha pili cha 0.41, utapata 0.64. Zidisha kwa 6,371: nusukipenyo cha zamani ni kama kilomita 4,080.

Sehemu kubwa ya sakafu ya bahari kuu haizidi umri wa miaka milioni 180. Kwa hiyo kilomita 2,290 zimeongezeka katika muda huo, sawa na milimita 13 kwa mwaka. Andika namba hiyo juu kabisa ya ubao na usiifute mpaka mwisho wa zoezi. Mwenye dai akisema uvimbaji wa siku hizi umeongeza kasi, mwache. Namba itazidi kuwa kubwa na kazi yako itakuwa rahisi zaidi.

Hatua ya 2: Tengeneza matufe mawili

Tufe kubwa ni mpira wa miguu namba 5, wenye mzingo wa sentimita 69 hivi. Tufe dogo litakuwa na mzingo wa sentimita 44. Hilo wape wanafunzi walifume wenyewe kwa maganda makavu ya mgomba, kama mipira wanayochezea vijijini. Wafunge kwa kamba ya mgomba hiyohiyo, kila baada ya mizunguko kadhaa wapitishe futi ya fundi cherehani, wasimame ikisoma 44. Lisipokuwa duara sawasawa, lipigwepigwe mezani hadi likae.

Sasa mabara. Pika gundi ya unga wa muhogo, nyepesi kama uji wa mtoto. Paka mpira wa miguu mafuta ya kujipaka ili karatasi isigande. Chana gazeti vipande vyembamba, uvilaze juu ya mpira kwa tabaka mbili tu. Tabaka nne zitakuwa ngumu na hutaweza kuzikunja baadaye. Anika kutwa nzima. Chora mabara kwa kuangalia tufe la darasani, pamoja na ukingo wake chini ya maji, kisha yakate kwa wembe. Kila bara litatoka na mbonyeo wake. Mbonyeo huo ndio tunaoutaka, kwa hiyo usikubali mabara yaliyokatwa kwenye ramani bapa ya ukutani.

Hatua ya 3: Hamisha mabara kwenye tufe dogo

Lowesha kidogo nyuma ya kila kipande na ukilaze kwenye mpira wa mgomba. Kwanza darasa litafurahi: Brazili inaingia vizuri kwenye kwapa la Afrika Magharibi. Waambie ukweli, kwamba mabara hayo mawili hukutana vizuri vilevile kwenye tufe kubwa. Kukutana huko hakuamui chochote.

Kisha waelekeze macho kwenye kingo za Afrika. Katikati imelala, lakini pembeni karatasi imejikunja mawimbi, imezidi. Ichukue Afrika kama duara lenye urefu wa kilomita 3,100 kutoka katikati hadi ukingoni. Kwenye Dunia ya leo mzingo wa duara hilo ni kama kilomita 18,700. Kwenye tufe dogo ni 17,650 tu. Maana yake, kama Dunia kweli ilivimba, ukingo wa Afrika ulilazimika kupanuka kwa zaidi ya kilomita 1,000, ama kwa mipasuko inayoingia bara kutoka pwani, ama kwa katikati kubanwa.

Hapo ndipo mtoto wa Uganda ana faida. Tunaishi kando ya bonde la ufa. Anayetoka Hoima kuteremka hadi Ziwa Albert ameona kwa macho ukuta mmoja wa bonde, na ng'ambo, Kongo, upo wa pili. Kutoka ukuta hadi ukuta ni kama kilomita 50, na sehemu kubwa ya upana huo ni ardhi iliyodidimia, si nafasi mpya iliyofunguka. Hebu waambie wahesabu mabonde ya namna hiyo yanayohitajika, kisha wayatafute kwenye pwani ya kuanzia Senegali hadi Angola.

Hatua ya 4: Uliza tungamo lilitoka wapi

Majibu ni mawili tu. Jibu la kwanza: tungamo ni lilelile. Basi uvutano juu ya tufe dogo ulikuwa 9.8 gawanya kwa 0.41, yaani karibu 24. Jerikeni la maji la lita 20 lingekulemea kama kilo 49. Tena Dunia iliyokusanyika hivyo ingezunguka haraka, siku ikawa na saa kumi hivi. Mwaka 1963 John Wells alihesabu mistari ya kukua kwenye matumbawe ya kipindi cha Devoni, karibu miaka milioni 400 iliyopita, akapata takriban siku 400 kwa mwaka, ambayo ni siku ya saa 22.

Jibu la pili, ambalo wengi wa siku hizi hulikimbilia: tungamo liliongezeka. Usibishane kuhusu chanzo chake. Nenda moja kwa moja kwenye Mwezi. Milimita 13 kwa mwaka, kwa densiti ileile, humaanisha Dunia inaongeza sehemu 6 katika kila bilioni ya tungamo lake kila mwaka. Dunia ikizidi kuwa nzito, Mwezi huvutwa karibu kwa uwiano uleule: kilomita 384,400 mara sehemu hizo sita ni zaidi ya mita 2 kwa mwaka. Apollo 11 iliacha vioo Mwezini mwaka 1969, na miale ya leza inayorudi kutoka huko inaonyesha Mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Unakwenda upande wa pili kabisa! Kwangu hiki ndicho kipimo kizuri kuliko vyote.

Hatua ya 5: Soma kituo cha Mbarara

Kuna kituo cha GPS cha kimataifa hapa Mbarara, jina lake MBAR. Data zake ziko wazi kwenye tovuti ya maabara ya jiodesia (sayansi ya kupima umbo la Dunia) ya Chuo Kikuu cha Nevada. Utakuta grafu tatu: mashariki, kaskazini na juu. Chagua miaka kumi. Kwenye zile mbili za kwanza pointi zinapanda kama ngazi, jumla karibu sentimita 3 kwa mwaka kuelekea kaskazini-mashariki. Hiyo ndiyo safari ya bamba letu. Kwenye ya tatu, dai linahitaji sentimita 13. Utaona mstari unaopanda na kushuka kwa misimu, maji ya mvua yanapolemea ardhi na kuondoka, bila kupaa kokote kwa kiwango hicho.

Mwanafunzi makini atauliza kama mfumo wenyewe wa vipimo hivi haukulazimishwa kudhani Dunia haikui. Mpongeze. Kipimo cha urefu katika mfumo huo hutegemea muda wa mwanga, ikiwemo leza zinazopigwa kwenye setilaiti LAGEOS, tufe la vioo 426 lililorushwa mwaka 1976. Mwaka 2011 watafiti wa NASA waliunganisha mbinu kadhaa ili kujibu swali hilihili, wakapata badiliko la milimita 0.1 kwa mwaka, lenye shaka ya milimita 0.2. Iandike ubaoni chini ya ile 13.

Hatua ya 6: Sakafu ya zamani iko wapi?

Fupi tu: onyesha ramani ya kina cha matetemeko chini ya Japani na Chile. Matetemeko yamejipanga kwa mshazari kutoka handaki la baharini, yakizama hadi karibu kilomita 700. Huko ndiko bamba la zamani linakoshuka, na ndiyo sababu sakafu mpya huzaliwa bila tufe kuongezeka.

Hatua ya 7: Toka nje ya Dunia

Wanaosema sayari zote hukua wamekupa kipimo cha ziada. Fungua picha za Utaridi zilizopigwa na chombo cha MESSENGER, kilichoizunguka sayari hiyo kuanzia 2011 hadi 2015. Tafuta magenge marefu yaliyopinda, mengine yamekata katikati ya mashimo ya vimondo, upande mmoja ukiwa umepandia mwenzake. Ganda linalovutwa hupasuka na kuachana. Linalosukumana ndilo hupandiana. Kwa kujumlisha magenge hayo, wataalamu walikadiria mwaka 2014 kwamba nusukipenyo cha Utaridi kimepungua kwa hadi kilomita 7 kadiri ilivyopoa. Wape wanafunzi picha hizo bila maelezo yoyote, na kila kundi liamue lenyewe ganda lile lilivutwa au lilibanwa.