Ndama amezidiwa na dawa ya kupe: utaratibu ninaoufuata

Wiki iliyopita nilipigiwa simu saa mbili usiku: ndama wawili waliopuliziwa dawa ya kupe jioni ile wameanguka, mate yanawachuruzika. Dawa ilikadiriwa kwa macho, bila kipimo. Tulimwokoa mmoja. Nawaandikia maafisa mifugo wenzangu, hasa wanaoanza kazi.

Hatua ya 1: Mwoshe. Glavu, sabuni, maji mengi. Sumu huendelea kupenya ngozini mpaka uitoe.

Hatua ya 2: Jua ni dawa gani. Dawa za kupe si jamii moja. Klofenvinfosi ni oganofosfeti: huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe, basi neva zinachochea mwili bila kukoma. Utaona mate, machozi, kuhara, mboni zilizosinyaa, misuli inayotetemeka, na njia za hewa kujaa majimaji. Hayo majimaji ndiyo huua haraka.

Amitrazi ni jambo jingine kabisa. Mnyama husinzia, hupepesuka, mboni hutanuka, tumbo hulala, yaani huacha kusukuma chakula. Mapigo ya moyo yanaweza kushuka kwa zote mbili, kwa hiyo usiamue kwa moyo peke yake. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifanya hivyo: nikamchoma atropini, dawa ya kupinga oganofosfeti, ndama wa amitrazi. Atropini huzidi kulilaza tumbo. Akavimba, hakufika asubuhi, na bado namkumbuka. Dawa za kupinga amitrazi ni yohimbini au atipamezoli.

Kwa hiyo dai chupa. Maelezo ya mfugaji hayatoshi, nataka chupa yenyewe na lebo yake. Kama dawa ilihamishiwa chupa ya soda, mulika mboni kwa tochi. Zikiwa zimetanuka, weka atropini kando. Ukibaki na shaka, choma atropini kidogo ya majaribio, miligramu 0.02 kwa kilo: mdomo ukikauka na moyo ukienda mbio, oganofosfeti si rahisi kuwa ndiyo.

Hatua ya 3: Atropini. Miligramu 0.25 hadi 0.5 kwa kilo. Robo mshipani polepole, iliyobaki chini ya ngozi. Ndama wa kilo 60 anahitaji angalau miligramu 15, yaani vichupa 15 vile vya binadamu vya miligramu moja. Ndiyo maana sitoki bila atropini ya mifugo ya miligramu 10 kwa mililita: mililita moja na nusu, basi. Fuata mate na pumzi, mboni ziache. Kutetemeka hakutaisha kwa atropini, huko husaidia pralidoksimu, dawa inayokifungua kimeng'enya kilichozuiwa, ikiwahi. Dalili zikirudi, rudia baada ya saa 3 hadi 6, huku ukisikiliza tumbo.

Hatua ya 4: Kesha naye. Aliyekufa azikwe kwenye shimo refu. Nyama yake hailiwi, hata na mbwa.