Boti ya mbao Kigoma: kusafisha tumbo lake na kuchagua rangi

Kabla hujatuma hela Dar es Salaam uletewe rangi ya shaba, yaani ile yenye shaba ndani ya kuua wadudu wanaoshambulia tumbo la boti, jiulize inamfukuza mdudu gani. Naandika haya baada ya kumsaidia jamaa mmoja wa Katonga ambaye shemeji yake aliye Tanga alimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba boti isiyo na rangi ya kuua wadudu haina maisha. Kwa Tanga ni kweli. Baharini kuna wale viumbe wa gamba jeupe, jamii ya kaa na kamba, wanaojigandisha kwenye mbao kwa gundi yao wenyewe, na ukiwabandua wanaacha kitako kigumu kinachochosha patasi. Wapo pia wanaoitoboa mbao kwa ndani. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, hao hawaishi humu. Sisi tuna mwani, utelezi, ukoko mweupe wa chokaa kwenye mstari wa maji, na kubwa kuliko yote, maji yanayojipenyeza ndani ya ubao.

Hatua ya 1: Ipandishe

Magogo, kamba na vijana wa kutosha. Kazi hiyo mnaijua. Fanya kiangazi, Juni mpaka Septemba. Uvuvi ukifungwa kama ulivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, basi umepewa nafasi bila kuomba. Iweke chini ya mwembe, siyo juani, na inyanyue kwa matofali au vipande vya magogo ili upepo upite chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti.

Hatua ya 2: Sugua siku hiyo hiyo

Mwani ukiwa mbichi unatoka kwa ufagio mgumu wa njiti na ndoo ya maji. Ukiuacha hadi kesho unashika, na kazi ya saa moja inakula siku nzima. Ukoko mweupe ukwangue kwa kipande cha bapa la msumeno uliokatika, ukilaze, usikisimamishe, maana kikisimama kinachimba ubao. Brashi ya waya siipendi kwenye mbao: inaacha vijinywele vya chuma vinavyopata kutu chini ya rangi mpya, halafu unaona madoa ya kahawia hujui yametoka wapi.

Kama rangi ya zamani ni ya shaba au huijui, piga msasa ikiwa imelowa, funika pua na mdomo, tandika turubai chini na uzoe kila kitu. Mita chache kutoka hapo kuna mtu anachota maji ya kupikia.

Hatua ya 3: Ikauke, lakini isikauke mno

Hapa ndipo boti nyingi zinapoharibikia, na lawama anabebeshwa muuza rangi. Boti ya yule jamaa ilikuwa na malengelenge tumbo zima. Nilipopasua moja kwa ukucha, maji yalichuruzika mpaka kwenye kiganja. Rangi haikuwa na kosa. Ilipakwa juu ya ubao uliokuwa na maji ndani, jua likayapasha, yakatafuta pa kutokea, yakaisukuma rangi.

Kuutazama ubao hakutoshi, wala kuushika. Uso unakauka upesi na ndani bado kuna maji, hasa mbao nzito. Chukua kipande cha nailoni safi ukubwa wa daftari, kibandike kwenye ubao kwa utepe wa gundi pande zote nne, pasibaki upenyo, ukiache usiku kucha. Asubuhi usiangalie umande wa juu, huo ni wa hewa. Bandua uangalie upande uliogusa ubao. Ukikuta matone au ukungu, ubao bado unatoa maji. Rudi baada ya siku kadhaa. Pima sehemu zaidi ya moja: karibu na mkuku, pale maji ya ndani yanapotuama nyuma kwenye injini, na kwenye ncha za mbao, kwa sababu ncha ndizo zinazokunywa maji zaidi. Ubavu wa juu utakwambia tayari wakati chini bado kabisa. Na ndani pia pasafishwe, sakafu ing'olewe. Huwezi kukausha nje huku ndani kuna tope la samaki.

Upande wa pili wa shilingi ni boti iliyoachwa juani miezi. Mbao zinasinyaa, mapengo yanafunguka, mwenye boti anaingiwa na hofu anaita fundi, fundi anashindilia pamba kwa nyundo mpaka isiingie tena. Inapendeza machoni. Ikirudi majini mbao zinavimba, pamba haina pa kwenda, mbao zinasukumana na kuanza kuachia mataruma, zile mbavu za boti, misumari inavutika. Kwa hiyo kalafati, yaani kuziba mapengo kwa pamba, iwe kwa kiasi: pamba iliyosokotwa, ipigwe mpaka ishike, basi. Isilowekwe mawese, rangi haitashika hapo. Juu yake weka puti, na uiache imezama kidogo chini ya uso wa ubao. Mbao zikivimba zitaisukuma ijae yenyewe. Ukiijaza sawasawa leo, mwezi ujao una matuta.

Misumari iliyoota kutu ibadilishe kwa ya mabati sasa hivi, siyo baada ya kupaka. Kwa chuma usisahau grisi: Wajerumani walipoizamisha meli iliyokuja kuitwa Liemba, mwaka 1916, mitambo yake waliipaka grisi kwanza. Iliibuliwa 1924 na 1927 ikarudi kazini.

Hatua ya 4: Rangi

Shaba: achana nayo humu ziwani. Inaua viumbe vya majini, bei yake inauma, na ikipakwa kwenye boti ya alumini, inaitafuna boti yenyewe.

Lami: rahisi na inazuia maji vizuri. Ila ukishapaka lami umeoana nayo. Rangi ya mafuta juu ya lami inatokwa na madoa ya kahawia, na epoksi, ile rangi ya kuchanganya na kigumisho, haishiki.

Epoksi: nzuri kwa faiba. Kwa mbao zilizounganishwa kwa misumari, ambazo zinavimba na kusinyaa kila mwaka, inapasuka kwenye maungio.

Mimi natumia rangi ya mafuta: koti moja ya praima (rangi ya chini) iliyolainishwa kwa tina, kiyeyusha rangi, ili inywewe na ubao, kisha koti mbili. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa koti kwenye ubao laini. Ubao wenye mikwaruzo unakula zaidi.

Hatua ya 5: Paka

Asubuhi, kabla upepo haujaanza kurusha mchanga.

Hatua ya 6: Ishushe

Itavuja. Usiogope, wala usikimbilie kuongeza pamba. Ifunge kwenye kina kifupi, mwache kijana na kopo la kukumba maji, bila mzigo. Mbao zikishiba, maji yanapungua. Siku ya tatu ikiwa bado inaingiza kwa kasi ileile, ipandishe utafute pengo lililorukwa. Anzia ubao unaopakana na mkuku.