Kuingiza Kuku Wapya Bandani Bila Umwagaji wa Damu

Kila kundi la kuku lina ngazi ya ukubwa: anayedonoa bila kurudishiwa ndiye anayekula kwanza na kulala juu. Thorleif Schjelderup-Ebbe, mtafiti wa wanyama wa Norway, aliieleza ngazi hii miaka ya 1920. Mgeni akiingia, ngazi yote hupangwa upya, na hapo ndipo damu hutoka.

Mtenge mgeni kwenye banda la mbali kwa wiki mbili hadi nne, kwa sababu ya magonjwa. Kisha mlete karibu, mtenganishe na wenyeji kwa wavu kwa siku saba hivi. Waonane, wasifikiane. Kuku hutambuana kwa kichwa na kishungi, kwa hiyo kutazamana huku si kupoteza muda.

Usiingize kuku mmoja peke yake. Wawe wawili au zaidi, wenye umri na umbo linalolingana na wenyeji. Vifaranga waliochanganywa na mitetea wakubwa hupigwa hata kufa.

Wachanganye usiku, wakiwa wamelala. Asubuhi amka mapema, uwaangalie. Ongeza vyombo vya chakula na maji, uviweke mbalimbali, maana kuku mkubwa hukalia chombo kimoja na wanyonge wakashinda njaa.

Kudonoana kidogo kuache. Ukiingilia, ugomvi hurefuka. Lakini damu ikionekana, mtoe majeruhi papo hapo na umpake GV (dawa ya kidonda ya rangi ya zambarau) kuficha damu, kwani rangi nyekundu huwavuta wengine waendelee kumdonoa. Kidonda kikikauka, mrudishe kupitia wavu tena.