Unahisi unataka kuzirai? Mambo ya kuandaa kabla ya kwenda kituo cha afya

Macho yanaingia giza, masikio yanavuma, jasho jembamba linakutoka, magoti yanalegea. Lakini huanguki, na unasikia kila kinachosemwa. Ukikaa kidogo hali inapita. Ndiyo maana mhudumu wa afya anaweza asikute dalili yoyote ukifika, na maelezo yako yakawa ndiyo mwanga wake wa kwanza. Yaandae ukiwa nyumbani.

Kubwa kuliko yote ni mkao. Ikikujia unapoinuka kitandani, mara nyingi presha inashuka: umehara, umeshinda juani bila maji, au dawa za presha zimekuzidi nguvu (usiziache kabla ya kuuliza). Omba upimwe ukiwa umelala, kisha umesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika 3, sababu imeanza kuonekana. Ikikujia ukiwa umekaa tu, au unapopanda kilima na moyo unaenda mbio, hilo ni zito zaidi. Omba moyo uchunguzwe, na useme kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Kumbuka ulikula saa ngapi. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini, sukari chini ya 3.9 mmol/L inatosha kuleta hali hii. Beba dawa zako zote, hata za mitishamba, na tafadhali usizifiche kwa aibu. Hapa Uganda malaria haikosi kuulizwa: inapunguza damu, na udhaifu unaweza kubaki hata homa ikiisha. Minyoo ya safura na hedhi nzito pia hupunguza damu, kwa hiyo kipimo cha damu ni cha lazima kuulizia.

Maandalizi haya hayamhusu mwenye maumivu ya kifua, anayepumua kwa shida, anayepata choo cheusi kama lami, au mama anayedhani ana mimba na tumbo la chini linamuuma. Huyo aondoke sasa hivi, na ikiwezekana aende moja kwa moja hospitali au kituo cha afya cha ngazi ya nne (Health Centre IV).

Na usafiri: usipande boda boda ukiwa katika hali hiyo. Tafuta gari na mtu wa kukusindikiza. Ikikurudia njiani, lala chini na uinuliwe miguu.