Maji ya mvua ndani ya gari: kutafuta yanapoingilia na kuyazuia

Gari halikutengenezwa lisiingie hata tone. Kila mvua inaponyesha, maji hushuka ndani ya milango, hukusanyika kwenye mfereji ulio chini ya waipa na hupenya pembeni ya kioo cha sanrufu, yaani dirisha la paani. Watengenezaji wanalijua hilo, na wameyawekea njia ya kutokea: matundu, mirija na mifereji. Kwa hiyo ukikuta kapeti limelowa, jiulize kwanza ni wapi pameziba, kabla ya kuuliza ni wapi pametoboka. Tyubu ya silikoni ikae kando mpaka uone tone likiingia kwa macho yako. Silikoni ya kubahatisha huficha njia ya maji, na mara nyingine huziba tundu lile lile ambalo maji yalipaswa kutokea.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba dimbwi halikai lilipoanzia. Maji yanayoingilia kwenye kona ya juu ya kioo cha mbele hufuata nguzo ya bati iliyo pembeni ya kioo, hupita nyuma ya dashibodi na kutokea miguuni mwa abiria. Ukiegesha gari mteremkoni, maji hayo hayo yatatembea chini ya kapeti hadi siti ya nyuma.

Kwanza, hakikisha ni mvua

Si kila kapeti bichi ni kosa la mvua. Kiyoyozi hutoa maji yake kupitia mrija mdogo unaotokea chini ya gari. Mrija ukiziba, maji hurudi ndani, kwa kawaida upande wa abiria wa mbele, tena siku ya jua kali. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama, subiri dakika 15 hadi 20, kisha chungulia chini. Kama hewa ina unyevu na hakuna kinachodondoka, anza na mrija huo.

Ukigusa maji yakateleza kama yana mafuta kidogo, yana rangi, au yananukia utamu, hayo ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita, kipasha joto kilicho nyuma ya dashibodi. Hilo ni tatizo jingine kabisa, na halingoji, maana injini inaweza kuchemka. Na kama sakafu hulowa tu baada ya kupita kwenye madimbwi, maji yanatoka chini: kagua vizibo vya mpira vya sakafuni.

Funua kabla ya kumwagia

Ukimwagia gari maji likiwa limevaa kila kitu, utaishia kujua tu kwamba kapeti limelowa, jambo ulilolijua tangu asubuhi. Toa mikeka, vifuniko vya plastiki vya vizingiti vya milango na vile vya pembeni mwa miguu. Vingi vimeshikwa kwa klipu. Vibenjue kwa kipande bapa cha plastiki, kwa sababu bisibisi huvikwaruza na kuvivunja. Kisha inua kapeti kadiri linavyoruhusu. Ingiza mkono hadi kwenye sponji la chini. Sponji hilo hunywa lita kadhaa huku kapeti la juu likiwa kavu kabisa, ndiyo maana gari linaendelea kunuka na vioo kuota ukungu wakati mwenye gari anaapa kwamba ndani ni pakavu.

Siti ikizuia, ifungue. Nyingi zina bolti nne. Hapa kuwa mwangalifu. Chini ya siti na ndani ya nguzo huwa na nyaya za mifuko ya hewa, na soketi zake mara nyingi ni za njano. Chomoa waya hasi wa betri, subiri angalau dakika 10, ndipo uchomoe soketi, na usiwashe swichi mpaka zote zirudi. Magari mengine pia yana kontrol boksi, kisanduku cha kompyuta ya gari, chini ya kapeti. Ukiikuta imezungukwa na maji, usiwashe gari hata kwa kujaribu.

Kausha chuma chote kwa kitambaa, kisha nyunyiza unga mwembamba wa poda ya mwili kwenye mishono ya bati, chini ya dashibodi na kwenye vizingiti. Maji yakipita juu ya poda huacha mstari unaoonekana wazi, nawe unaufuata kuelekea juu.

Jaribio la maji

Mnahitajika watu wawili: mmoja nje na mpira wa maji, mwingine ndani na tochi. Tumia mpira usio na pua ya kurushia, maji yatoke polepole kama mvua ya kawaida. Mashine ya presha haifai, kwani husukuma maji mahali ambapo mvua haifiki na utajikuta unatibu ugonjwa usiokuwapo.

Anza chini, panda juu. Sheria hii ndiyo inayovunjwa zaidi. Ukianzia juu ya paa, maji yatashuka na kulowesha kila kiungo kwa pamoja, na hutajua ni kipi kilichopitisha. Mwagia chini ya mlango dakika 5 hadi 10, kisha usawa wa kitasa, kisha kioo, ndipo paa. Aliye ndani asisubiri dimbwi. Aangalie tone la kwanza na aseme hapo hapo. Kama gari huvuja likiwa limeegeshwa mteremkoni tu, lijaribu likiwa limeinama vivyo hivyo.

Ukishapata sehemu unayoishuku, ithibitishe. Ifute, ikauke, ifunike kwa utepe usiopitisha maji, kisha mwagia tena. Tone likikoma, umepata. Likiendelea, umeokoa tyubu nzima ya gundi.

Maji yasipoonekana, tumia hewa, lakini kama ulichomoa soketi za mifuko ya hewa, zirudishe kwanza. Funga milango na vioo vyote, ziba kwa utepe matundu ya kutolea hewa yaliyo nyuma ya bampa ya nyuma, kisha washa feni ya gari mwendo wa mwisho ikivuta hewa ya nje. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kingo za vioo na taa. Mapovu yanayojikusanya mahali pamoja yanakuonyesha tundu. Presha yenyewe ni ndogo, kwa hiyo angalia kwa subira.

Mfereji wa chini ya waipa

Maji ya upande wa mbele mara nyingi huanzia hapa. Majani yaliyooza hugeuka tope jeusi, yanaziba matundu, mfereji unajaa kama beseni, na maji yanamwagikia kwenye tundu la kuingizia hewa. Fungua filta ya hewa ya ndani ya gari. Ikiwa imelowa au ina alama za maji yaliyokauka, umeshakaribia.

Weka alama ya utepe kwenye kioo pale wembe wa waipa unapolala, fungua nati ya kila mkono, na uutikise mkono huku na huku mpaka uachie; usiubenjue kwa chuma juu ya kioo. Toa kifuniko cha plastiki, zoa tope kwa mkono, kisha mimina lita 2 au 3 za maji. Yanapaswa kuondoka kwa sekunde chache na kutokea nyuma ya magurudumu ya mbele. Baadhi ya magari yana midomo ya mpira mwishoni mwa njia hizo. Ibinye kwa vidole, utashangaa tope linalotoka. Unaporudisha kifuniko, angalia sponji la ukingo wa nyumba ya filta: likikunjwa au kusahaulika, filta mpya nayo italowa.

Hapo hapo kagua mipira inayopitisha nyaya kuingia ndani. Alamu au redio iliyofungwa baadaye mara nyingi imepitishiwa waya kwenye tundu lililotobolewa kwa bisibisi. Maji hufuata waya kama yanavyofuata kamba. Ziba tundu, na kabla waya haujaingia ndani uache ujipinde kushuka chini, ili tone lidondokee nje.

Milango

Fungua mlango na uangalie ukingo wake wa chini: kuna matundu mawili au matatu. Yachokonoe kwa kamba ya plastiki ya kufungia nyaya. Ukisikia maji yakicheza ndani ya mlango gari linapokata kona, hayo matundu yameziba.

Yakiwa wazi na kapeti bado linalowa, tatizo ni nailoni iliyo nyuma ya paneli ya mlango. Maji yanaposhuka kwenye kioo, sehemu kubwa huenda moja kwa moja hadi chini, lakini mengine hurukia upande wa ndani na kuteleza juu ya nailoni hiyo. Ikiwa gundi yake imeachia hata upana wa vidole viwili, tone likifika pale linageukia ndani, linashuka nyuma ya paneli na kuvuka kizingiti taratibu bila kuonekana. Huachia zaidi kwenye magari yaliyobadilishwa spika au mota ya kioo, kwa sababu aliyefungua aliirudisha kwa utepe wa kawaida. Unyevu huo utepe hauumudu hata mwezi.

Kutofautisha nailoni na raba ya mlango ni rahisi. Raba ikivujisha, utakuta njia ya maji juu ya raba na kwenye uso wa paneli. Nailoni ikivujisha, raba ni kavu na paneli imelowa ukingo wa chini tu.

Kutengeneza: toa skrubu zilizojificha nyuma ya kitasa na kwenye sehemu ya kuegemeza mkono, vuta klipu, inua paneli juu. Bandua nailoni, kwangua gundi kuukuu na safisha bati kwa spiriti. Tumia uzi wa butili, yaani mpira laini unaonata, wa unene wa milimita 6 hadi 8, mzunguko mmoja usiokatika. Ukipasha joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele hushika vizuri zaidi. Kandamiza kwa nguvu. Nailoni ikiwa imechanika, kata mpya ya ujenzi iliyo nene. Kitu kimoja kisisahaulike: ukingo wa chini wa nailoni uingizwe ndani ya mlango kupitia uwazi wake, ili maji yadondokee ndani ya mlango. Ukiubandika nje, umejenga bomba la kupeleka maji miguuni mwako. Mwagia kioo dakika mbili kabla ya kurudisha paneli.

Raba yenyewe ipime kwa karatasi: funga mlango juu yake, ivute, na urudie kila sentimita 10. Inapotoka bila kukwama, raba haigusi. Mara nyingi dawa ni kusogeza kidogo ndani pingu ya kufuli, kile chuma cha kwenye nguzo ambacho kufuli ya mlango hukishika, wala si kununua raba mpya.

Sanrufu na kioo cha mbele

Raba ya sanrufu haikukusudiwa kuzuia maji yote. Chini yake kuna trei, na kwenye kona zake mirija inayoshukia ndani ya nguzo. Mimina kikombe kimoja taratibu kwenye kila kona. Maji yatokee chini ya gari bila kukawia. Yakijaa, sukuma ndani uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia majani, wa milimita 2 hivi, ukiwa umeuyeyusha ncha iwe butu. Usitumie kompresa. Upepo wake huchomoa mrija ndani ya dari, na kazi ya nusu saa inageuka kazi ya kushusha dari nzima.

Kioo cha mbele kinachovuja mara nyingi kimewahi kubadilishwa, au chini ya gundi yake kumeanza kutu. Kupaka silikoni juu hakudumu, na ile inayonuka siki hula chuma. Ubaya mwingine unakuja baadaye: gundi ya poliyurethani, ile inayoshikilia kioo, haishiki pale silikoni ilipopita. Kitolewe, kutu ikwanguliwe na kupakwa rangi, kisha kigundishwe upya, na gari lisiendeshwe kabla ya muda ulioandikwa kwenye tyubu ya gundi.

Buti

Maji ya kwenye shimo la tairi la akiba huwa na milango michache: gasketi za taa za nyuma, matundu ya hewa nyuma ya bampa, mshono wa paa uliopasuka, kitako cha antena na taa ya breki ya juu. Mtu aingie ndani na tochi, siti za nyuma zikiwa zimelazwa ili aweze kutoka mwenyewe. Kwenye taa, tone huonekana kwanza likining'inia mwisho wa bolti, linanenepa, linaanguka, linafuatwa na jingine. Toa taa, safisha bati, weka gasketi mpya au utepe wa butili kuzunguka kitako na kila bolti. Kaza kwa kiasi, kwani plastiki ikijipinda hufungua nafasi upande wa pili. Mshono wa paa unatakiwa kukwanguliwa na kujazwa gundi ya mishono ya bodi, kisha rangi.

Kukausha

Nyonya maji kwa mashine, weka vipande vya mbao chini ya kapeti hewa ipite, elekeza feni, acha vioo wazi juani. Sponji nene linaweza kuchukua siku mbili au zaidi. Soketi zilizoota ukijani zisafishwe kwa dawa ya viunganishi vya umeme kabla ya kurudisha betri. Usirudishe vifuniko siku hiyo hiyo: tandaza magazeti juu ya bati, subiri mvua mbili za kweli, na ukikuta yamebaki makavu hadi kwenye kona, ndipo ulaze kapeti.