Kissell ya matunda makavu: usiipike kama uji

Wadau, leo tuko Estonia. Kissell ni kitindamlo cha matunda, kizito kuliko juisi, chepesi kuliko jeli, unakula kwa kijiko. Kule matufaha ya bustanini hukaushwa msimu wa vuli, baridi ikianza yanaingia sufuriani.

Mahitaji: matunda makavu gramu 300 (matufaha, plamu, aprikoti, zabibu kidogo), maji lita 1 na nusu, sukari nusu kikombe, kijiti cha mdalasini, wanga wa viazi ulaya vijiko vikubwa 4.

1. Osha matunda, yaloweke saa 2 au 3. Maji hayo usimwage, ndiyo utakayopikia.

2. Bandika pamoja na mdalasini, moto mdogo, dakika 20. Zabibu zitie mwishoni. Sukari onja kwanza, plamu zina utamu wake.

3. Koroga wanga kwenye kikombe cha maji BARIDI. Unatuama upesi, kwa hiyo koroga tena kabla ya kumimina. Epua sufuria, mimina kama uzi mwembamba huku mkono mwingine unakoroga.

4. Rudisha motoni. Mapovu mawili matatu yakichomoza pembeni, epua hapo hapo. Mimi mtoto wa uji, mara ya kwanza niliiacha itokote dakika kumi eti unga uive. Ikalegea, ikawa inavutika kama mlenda.

5. Nyunyizia sukari kidogo juu, isifunge utando. Ikipoa, weka krimu iliyopigwa, au imwagie juu ya uji wa semolina.

MASWALI

– Mkuu, wanga wa viazi huku sijauona. Kornflawa je?
– Inafaa, ila hiyo ichemke dakika moja au mbili, ladha ya unga mbichi iishe. Haitang'aa kama ya viazi.

– Wanangu wanataka ya kunywa.
– Tia wanga vijiko 2 tu, wanywe kwenye vikombe.

– Nikitumia embe kavu?
– Waestonia watakushangaa, lakini italika. Kamulia limau.

– Shosti, yangu imelala kwenye friji, asubuhi imetoa maji juu!
– Wanga ndivyo ulivyo ukilala. Koroga, mle leo. Ila usiipashe moto.